Nani Amshike Monghi Mkono

Haya, sogeeni. Wa nyuma njooni mbele, na anayetafuna ameze, maana mwisho wa kisa hiki nitawakabidhi kesi, na mtu mwenye karanga mdomoni hawezi kukata kesi. Mimi kazi yangu kusimulia tu. Mkigombana nyumbani kwenu, msinitaje.

Mji wenyewe ni Ratankot, mji mdogo wa nchi ya Kachi, kule Bara Hindi, mahali penye jua kali na ardhi ya chumvi. Ndani yake palikuwa na uchochoro wa mafundi, na katika uchochoro huo waliishi majirani watatu. Mungu aliwapa vipaji vya kushangaza, halafu akawapa na tabia za kuchosha watu.

Wa kwanza ni Kankubai, mjane, mfungaji wa vifundo. Mnaijua kisutu ya bibi harusi, ile nyekundu yenye vidoa vyeupe? Basi kule Kachi vidoa vya namna hiyo havipigwi chapa. Vinafungwa kimoja kimoja. Fundi anabana ncha ndogo ya kitambaa, anaizungushia uzi, anakaza, anahamia nyingine. Kitambaa kikitumbukizwa kwenye rangi, penye fundo rangi haiingii, na fundo likifunguka panabaki kidoa. Sasa Kankubai alifuga ukucha mmoja mrefu kwenye kidole chake kidogo, akaupaka mafuta kila asubuhi, na ole wako uuguse. Kwa ukucha huo alibana ncha isiyozidi punje ya ufuta. Alifunga huku anapiga soga, huku anacheka, huku anawagombeza wapita njia, na macho yake hayakitazami kitambaa hata kidogo.

Wa pili ni Jusab, mtia rangi, Mwislamu wa ukoo wa Khatri, mwenye tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Alichovya kidole katika pipa la rangi, akalamba, akasema, "Bado." Akalamba tena, "Sasa." Wekundu wa Jusab hauchuji. Watu walisema bibi harusi aweza kulia kutwa nzima amejifunika sari ya Jusab, na shavu lake lisipate doa. Ulimi huohuo ndio uliojua pilau ipi imezidi bizari na halua ipi imekosa iliki, na mwenye harusi aliyesahau kumwalika Jusab alijuta mwenyewe.

Wa tatu ni Velji, sonara. Huyu alinuna kwa mazoea. Ukimsalimia asubuhi anakujibu kwa nyusi. Sauti yake huisikii mpaka jua lisimame utosini. Lakini dhahabu ilimtii. Alikuwa na bamba la chuma lenye matundu, kubwa mpaka dogo, akaipitisha dhahabu tundu baada ya tundu, akivuta kwa koleo, mpaka inatoka nyembamba kama unywele na inaingia kwenye jicho la sindano. Ndiyo zari hiyo mnayoiona inang'aa kwenye nguo za watu wenye nazo. Masikioni alivaa vipuli viwili vizito vya dhahabu alivyovalishwa na baba yake siku alipoanza ufundi, na hakuwahi kuvivua hata wakati wa kuoga.

Watatu hawa walitegemeana kwa kazi na hawakuvumiliana kwa maneno. Kankubai alisema Jusab anapika vitambaa kama anavyopika mchuzi. Jusab alisema Kankubai angefunga na mdomo wake siku moja, mji mzima ungelala. Velji hakusema kitu, na hilo liliwaudhi wote wawili.

Sasa tuje kwa Monghi, maana kisa ni chake.

Monghi alikuwa na haraka toka tumboni. Mkunga hajafika, yeye keshazaliwa. Maziwa aliyanywa yanaunguza, embe alizila mbichi, na ukimwanzishia habari anaimalizia yeye. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Ladhibai, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi na huruma. Alipokua akachumbiwa na Kanji wa mji wa jirani. Kijana mzuri, mpole, Monghi alimpenda, sina la kumsema. Lakini ukoo wake, jamani! Mawifi tele, na mavyaa, Gomtibai, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Na Ratankot wana desturi yao. Bibi harusi hazunguki moto wa ndoa, ule ambao maharusi wa Kihindu huuzunguka ndipo wakaoana, na nguo ya kununuliwa na baba, wala ya bwana harusi. Anavaa sari ya mjomba, ndugu wa mama yake. Nyekundu, vidoa vyeupe na vya manjano, na mistari ya zari. Mjomba anaileta, halafu anamshika mpwa wake mkono wa kulia, anamtoa mlangoni, anamfikisha chini ya banda la harusi. Na msidhani ni maonyesho tu. Anayemshika mkono siku hiyo amejifunga. Mume akimtesa, mavyaa akimsimanga, akifiwa, akifukuzwa, mlango wa mjomba huyo ni wake mpaka aingie kaburini.

Monghi hakuwa na mjomba. Wa kwake alikufa kwa ndui zamani. Bibi akahangaika huku na huku mpaka akampata Mulji, binamu wa mama, mwenye duka kubwa, mtu anayependa kuonekana. Mulji akakubali kwa kuvuta pua. Akatoa hariri nyeupe, akaahidi na dhahabu ya zari, akatangaza sokoni kwamba yeye ndiye mjomba, na kila aliyepita alimtangazia upya.

Hariri ikaenda kwa Kankubai, akafunga vifundo vya vidoa vyeupe. Ikaenda kwa Jusab, akaitia manjano, akaianika uani. Hapo ilikuwa irudi kwa Kankubai afunge duru ya pili, ile ya vidoa vya manjano, kisha irudi tena kwa Jusab kwa wekundu. Kazi ya subira, mnaona. Na ndipo Monghi akapita.

Aliikuta kwenye kamba, manjano inawaka juani, imejikunyata vifundo vyake vyote. Sasa desturi nyingine ya kule ni kwamba sari ya harusi haifunguliwi na fundi. Anakabidhiwa bibi harusi ikiwa na vifundo vyake, yeye mwenyewe ashike ncha, mwenzake ashike ya pili, wavute. Nyuzi zinaruka, ta-ta-ta-ta-ta, na vidoa vinafumbuka mbele ya macho yao. Wasichana wa Ratankot wanaota siku hiyo kuliko harusi yenyewe. Monghi akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mtu. Akasema moyoni, basi imekwisha! Akafunga ncha moja kwenye nguzo, akashika ya pili kwa mikono yote, akavuta kwa nguvu zake za ujana.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Nyuzi zikamrukia usoni kama mvua, naye anacheka peke yake. Akajitupia kitambaa kichwani, akatoka mbio uchochoroni, "Mama Kanku! Mama Kanku! Imetoka nzuri!"

Kankubai alikuwa mlangoni anamgombeza muuza mboga. Akanyamaza katikati ya neno. Watu wakatoka kutazama ni kitu gani kimemnyamazisha.

"Nani amekufungulia?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Monghi mwanangu," akasema Kankubai polepole, "hiyo nyekundu uliiona wapi?"

Hapo Monghi akajitazama. Manjano tupu, na vidoa vyeupe. Manjano ni rangi ya siku ya kupakwa bizari, siku ya kuimbiwa na mashoga jikoni. Moto wa ndoa hauzungukwi na manjano. Na kukitia wekundu hivyo kilivyo, vidoa vyote vingemezwa, kibaki kitambaa chekundu kitupu kama cha kufunikia mizani sokoni.

Habari ikamfikia Mulji kabla hajamaliza chai yake. Akaja na watu, akakishika kile kitambaa kwa ncha za vidole. "Kimefunguka kabla ya wakati wake," akasema. "Huo ni mkosi, na mimi nina biashara. Mkosi na biashara havikai duka moja. Mniwie radhi, Ladhibai, nimekumbuka nina safari." Akafunga virago kweli, akaondoka na dhahabu yake.

Monghi alilia siku ile, na sitawaficha alilia nini. Hakulilia nguo. Alimtazama bibi yake anakohoa kwenye kitanda cha kamba, akajiambia, bibi akiondoka mimi sina kwetu. Nitaingia nyumba ya watu, na siku wakinichoka nitasimama barabarani na furushi langu la nguo, nisijue nigeuke upande gani. Aliogopa, jamani. Aliogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Bibi akaenda kwa kuhani wa harusi kuomba ushauri. Kuhani akakuna kidevu, akasema, "Sari ya mjomba lazima iwepo. Damu ya mjomba, kama haipo, haipo. Basi atakayemvalisha mjukuu wako nguo ya kuzungukia moto, huyo ndiye atakayemshika mkono, na huyo ndiye mjomba wake." Maneno hayo yakazagaa mji mzima. Na mji mzima ukatazama chini, kila mtu anatafuta kitu alichoangusha.

Isipokuwa uchochoroni.

Kankubai alikuja mwenyewe, akakinyakua kitambaa kutoka mapajani mwa Monghi. "Lete hapa. Umeshakilowesha machozi, yatatoka mabaka." Akakikunjua, akafumba macho, akapitisha kidole juu yake. "Hee! Vipo!" akasema. Pale palipofungwa, hariri ilikuwa bado imesimama, kinundu kidogo kidogo, unakihisi kwa kidole tu. Kankubai akakaa chini, akaanza kufunga upya kila kidoa cheupe palepale kilipokuwa, kisha cha manjano kando yake. Jioni anafunga, asubuhi anafunga. Hakupiga soga. Muuza mboga alipita akamchokoza makusudi, hakujibiwa, akaenda zake na wasiwasi. Na katikati ya kazi, ka! Ukucha ukakatika toka shinani.

Kankubai akautazama ule ukucha sakafuni kama anayetazama jino lake. Bila ukucha ule hakuna kazi msimu mzima wa harusi, na maharusi wengine walikuwa wameshampelekea vitambaa. Monghi akasema, "Mama Kanku, basi, acha!" Kankubai akamwambia, "Nyamaza wewe, niletee mwiba." Akafunga mwiba wa mgunga kwenye kidole kwa uzi, akaendelea. Ulimchoma, damu ikamtoka, akaifyonza ili isidondokee hariri, akaendelea mpaka kifundo cha mwisho.

Alipomaliza alimpa Jusab, hakumtukana hata kidogo.

Jusab akakipokea kitambaa, akakigeuza, akaguna. "Hariri hii imechoka," akasema. "Imefungwa, imevutwa, imefungwa tena. Rangi ya uvuguvugu itainywa nusu halafu itatema. Hii inataka rangi ya moto." Na rangi ya moto ina shida yake. Ikizidi kidogo inapenya chini ya nyuzi, vidoa vyote vinakufa. Ikipungua kidogo, wekundu unachuja. Lazima ionjwe, na ionjwe ikiwa inachemka, maana ikipoa ladha inadanganya. Jusab anajua hayo yote. Na anajua pia kwamba harusi ya Monghi itapikwa na mpishi yuleyule ambaye pilau yake alikuwa akiingojea tangu mwaka jana.

Akachochea kuni. Akachovya, akalamba, akaruka. "Bado!" Akachovya, akalamba, machozi yakamtoka. "Bado!" Monghi alisimama uani, mikono kichwani. "Mzee Jusab, utaungua!"

"Nimefaungua," akajibu Jusab, maana ulimi ulikuwa umeshavimba, na maneno yalimtoka yamejaa mate. Monghi akataka kulia, akajikuta anacheka, na Jusab naye akacheka huku anajishika mdomo. Akachovya mara ya mwisho, akafumba macho. "Fafa!" akapiga ukelele, yaani sasa, wakakitumbukiza.

Wekundu ulitoka, nawaambia, wekundu wa komamanga lililopasuliwa. Na ulimi wa Jusab ukawa gogo. Wakamletea kipande cha halua ajipoze, akatafuna, akatafuna, akakiweka chini. "Ni nini hiki?" akauliza. Alikuwa hajui kama ni halua au sabuni.

Kitambaa kikakauka kikiwa na vifundo vyake. Asubuhi ya harusi wakamwita Monghi avute. Akakataa. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Sivuti. Mikono yangu ina balaa."

"Vuta wewe!" Kankubai akamfokea. "Siku yenyewe ndiyo hii. Nitakushikia huku."

Monghi akapiga moyo konde, akashika ncha, akavuta polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ta. Ta. Ta-ta-ta. Vidoa vyeupe na vya manjano vikafumbuka juu ya wekundu, safu kwa safu, ndege wadogo na maua na tembo wenye mikonga juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Ladhibai akasahau kukohoa. Na vigelegele vikafika katikati ya kitambaa, vikakatika.

Palikuwa pamechanika. Si leo. Ulianza siku ile ya nguzo, ufa mwembamba hata kidole cha Kankubai hakikuuhisi, ukajificha ndani ya vifundo wakati wote huo, sasa umenyooka katikati ya sari, mrefu kama mkono wa mtu. Nguo iliyochanika haivaliwi harusini, hata ombaomba haanzi ndoa nayo. Na kwa mbali, toka upande wa lango la mji, ngoma za bwana harusi zikaanza kusikika.

"Nipeni."

Watu wakageuka. Alikuwa Velji, na ilikuwa asubuhi. Wengine hawakuitambua hiyo sauti.

"Utaufanyaje, na dhahabu Mulji kaichukua?" Kankubai akamwuliza.

Velji akainua mikono, akashika vipuli vyake. Havikutoka kwa urahisi, nyama ilikuwa imeshavikumbatia. Akauma meno, akavizungusha, akavitoa kimoja, akatoa cha pili, damu ikamtiririka shingoni. Akavitia motoni, vile alivyovalishwa na baba yake. Akaipitisha dhahabu tundu baada ya tundu, anavuta, anavuta, mpaka ikawa uzi. Kisha akakaa na sindano. Akashona mstari wa zari juu ya mpasuko, kingo mbili zikashikana, halafu akashona mistari ya kuupita, kulia na kushoto, mpaka katikati ya sari pakawa na miraba ya dhahabu, na ndani ya kila mraba ndege mmoja au ua moja au tembo mmoja. Ukisaka mpasuko uko wapi, huupati. Ungedhani sari ilikusudiwa hivyo toka mwanzo.

Alipokata uzi kwa meno, ngoma zilikuwa zimefika mlangoni.

Monghi akavikwa. Bangili za mama yake mikononi, pete ya pua, hina mpaka kwenye viwiko, na sari ile juu ya kichwa. Mkono wa kushoto akapewa nazi iliyofungwa uzi mwekundu, ambayo bibi harusi wa Ratankot huibeba kutoka mlangoni mpaka bandani bila kuiweka chini, wala kuihamisha mkono, wala kuifinya kwapani. Ndiyo, najua mlichokuwa mnafikiria, ashikwe mikono yote miwili. Haiwezekani.

Nje Gomtibai akapaza sauti, na mbuzi wa jirani wakainua vichwa. "Sari tumeiona, mashaallah na ipendeze! Mjomba yuko wapi? Amtoe mwali, jua linapanda!"

Kuhani akasimama mlangoni. "Aliyemvalisha na amshike."

Watu watatu wakapiga hatua kwa pamoja, wakagongana mabega.

"Ni mimi," akasema Kankubai. "Bila vifundo vyangu hapo pangekuwa na nini? Kitambaa chekundu cha mizani. Nimemaliza msimu wangu wote juu ya nguo hii. Mtaniambia mjomba hawi mwanamke. Haya, mwanamume mwenye ndevu aliyeahidi yuko wapi? Yuko safarini! Na mimi sina mtoto. Mlango wangu hauna wa kuugonga. Akija saa yoyote, atanikuta."

"Ni mimi," akasema Jusab, ulimi bado mzito, na watu wakasikiliza kwa makini ili wamfahamu. "Vifundo bila wekundu ni manjano ya jikoni. Mimi nimeunguza kitu nilichokipenda kuliko vyote, na leo nitakaa kwenye karamu natafuna kama ng'ombe. Mtasema dini yangu siyo. Moto wa ndoa siuzunguki mimi, anauzunguka yeye. Mimi namfikisha bandani tu. Nilizaliwa peke yangu, sina dada. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuniita mjomba."

"Ni mimi," akasema Velji, na kwa kuwa hakuzoea kusema akakohoa kwanza. "Vifundo na wekundu vyote vilikuwa vimechanika katikati. Ningenyamaza kama siku zote, saa hii mngekuwa mnakunja mikeka. Mtasema mimi nina wapwa. Ninao. Niligombana na dada yangu, wanapita mlangoni kwangu hawaniamkii. Kosa ni langu. Nataka mmoja ambaye sitamkosea."

Hakuna aliyecheka, hata wale waliokuwa wamejiandaa kucheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si wamshike wote watatu?" Kuhani akatikisa kichwa. "Mkono uliobaki ni mmoja. Na siku ya shida, mtu mwenye wajomba watatu, kila mmoja hudhani mwenzake ameshakwenda. Mjomba ni mmoja, ndiyo akawa mjomba." Bibi Ladhibai akaulizwa, akafuta macho, akasema yeye amezeeka, achague mwenyewe atakayeishi na uamuzi huo.

Ikabaki kwa Monghi.

Akaitazama mikono mitatu iliyonyooshwa kwake. Mmoja kidole chake kidogo kimefungwa kitambaa, na ukucha hakuna. Mmoja una wekundu mpaka kwenye mistari ya kiganja, na mwenyewe amefumba mdomo kwa maumivu. Mmoja umejaa tundutundu za sindano, na juu yake masikio mawili matupu yaliyoganda damu. Aliwapenda wote watatu kwa wakati mmoja. Na aliyewakosesha ukucha, na ladha, na vipuli vya baba, ni yeye, kwa mvuto mmoja wa haraka.

Ngoma zinalia. Gomtibai anaita. Kanji anachungulia toka chini ya banda, jasho limemtoka chini ya kilemba. Na Monghi, yule aliyezaliwa kabla mkunga hajafika, yule wa maziwa ya moto na embe mbichi, siku ile alisimama kizingitini, akatulia tuli. Nazi iko mkono wa kushoto. Wa kulia ameuinua, hina yake bado mbichi, uko hewani, unangoja.

Mimi namwacha hapo, sisogei mbele hata hatua moja. Mlitaka kutafuna, haya tafuneni hili. Kumbukeni tu kwamba mkono mtakaomshikisha ndio mlango atakaoukimbilia siku dunia itakapomgeuka, na wawili watakaobaki watarudi uchochoroni mikono mitupu, wamekosa walichokitoa na wamemkosa na yeye.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema sasa hivi, mkono wake unachoka.